Kabati Lililofungwa Ukutani

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshikwa. Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni seremala. Karakana niliyokuwa nimepanga ilibomolewa kupisha barabara, nikauza nyumba yetu ili nipate kiwanja chenye banda la kufanyia kazi. Siku ya tatu baada ya kukabidhi funguo nikarudi kwa mlango wa jikoni, bisibisi mkononi, nifungue fimbo za mapazia. Mwenye nyumba mpya akanikuta nimesimama juu ya ndoo.

Mwenye nyumba mpya ni mwalimu mkuu mstaafu, mjane, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Hapandishi sauti. Kwa miaka thelathini amewakamata watoto wakiiba chaki, na mimi nilikuwa mtoto mwingine tu.

"Shuka, fundi," akasema. "Ndoo ni ya nani?"

"Yangu, Mwalimu. Nimekuja nayo."

"Ondoka nayo. Fimbo ziache."

"Mapazia ameshona mke wangu kwa mkono wake."

"Mapazia chukua, yananing'inia tu. Fimbo zimepigwa parafujo."

Akafungua mkoba, akatoa mkataba wa mauzo uliokunjwa mara nne, akanisomea kifungu cha saba polepole kama anayesoma imla. Kila kitu kilichofungwa kwenye nyumba kwa msumari, parafujo, gundi au saruji ni sehemu ya nyumba na kitabaki na nyumba, isipokuwa vile ambavyo muuzaji ameviorodhesha hapa chini. Vinavyobebeka ni vya muuzaji.

Hapo chini palikuwa na mistari mitano mitupu.

Nilitaka kubishana, maana ulimi wangu hauna pa kulala. Lakini ningebisha nini? Kazi yangu ni samani za kujengea. Nimewaambia wateja miaka nenda rudi kwamba mbao iliyosimama peke yake ni mgeni, na iliyoshikana na ukuta ni mwenyeji. Nyumbani kwangu sikuacha mgeni hata mmoja.

"Twende tuangalie pamoja," akasema, "ili usije tena kwa mlango wa jikoni."

Kitanda cha chumbani nilikijenga kutoka ukuta hadi ukuta. Meza ya chakula ina miguu miwili, upande wa pili umelalia ukuta. Mabenchi yake yameshikwa na saruji. Kioo cha mke wangu kimetiwa gundi. Hata kibao cha viatu pale mlangoni kina parafujo sita, na viatu vyenyewe jozi nne.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni dereva wa lori na wote tunamwita Breki. Yeye hupenda kuwaonya wageni wasikae kimya muda mrefu karibu nami, nitawapiga parafujo. Zamani nilikuwa nacheka.

"Sasa nyinyi mnalalia nini huko mlikohamia?" Mwalimu akauliza.

"Godoro."

"Juu ya nini?"

"Sakafu, Mwalimu."

Akageuzia uso dirishani. Nadhani alikuwa anacheka, nami nikakasirika, kwa sababu mgongo wangu haukuwa unacheka.

Tukafika sebuleni, mbele ya kabati.

Hilo lilikuwa kabati la mama mkwe wangu. Mvule mtupu, milango miwili, droo tatu, vishikio vya shaba. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, lilikuja kwa mke wangu, nami nikalijengea ndani ya ukuta mpaka ukipita huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Mke wangu alikubali tuuze nyumba kwa sharti moja, wala hakuongeza la pili: kabati la mama yake lije nasi.

"Na hili, Mwalimu?" Niliilegeza sauti. "Hili ni urithi wa mke wangu. Nakuomba."

"Mbona hukuliandika?"

"Nilipitiwa."

Akaweka kidole pale mbao inapokutana na plasta, akakishusha hadi chini. "Limefungwa," akasema. "Naheshimu urithi, fundi, lakini nilinunua nyumba yenye kabati. Siku nilipokuja kuangalia, nililiona hili kabla sijaona paa. Kila aliyesahau kitu akirudi kukichukua, nitabaki na kiwanja."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Pole."

"Asante, Mwalimu."

Nikatoka na ndoo yangu na mapazia, kichwa nimeinamisha kama mfiwa. Nilipopinda kona nikashusha pumzi. Kidogo nipige mluzi.

Sasa nisikilizeni. Wiki tano nimewasimulia niliyotendewa: na barabara, na wateja, na mvua iliyolowesha mbao zangu. Wengi mmeniandikia kunipa pole, na nimezipokea zote bila haya. Leo nasema niliyoyatenda mimi.

Sikupitiwa. Siku ya kutia saini wakili aliniuliza mara mbili: kuna kitu chochote kilichofungwa ambacho ungependa kuondoka nacho? Nikajibu hakuna. Mke wangu hakuwepo, alikuwa kazini. Yeye ni mkunga, na watoto hawazaliwi kwa ratiba ya wakili. Alipoingia, bado anahema, akainama sikioni kwangu.

"Umeandika kabati?"

"Nimeandika."

Akatia saini bila kusoma. Kuniamini mimi, hilo ndilo kosa lake pekee katika hadithi hii yote.

Nilifanya hivyo kwa sababu kabati lile halifai kutoka ukutani. Likitoka watu wataona mgongo wake, na kabati lile halina mgongo.

Miaka tisa iliyopita mke wangu alikuwa kwao kwenye msiba wa mama yake, wiki tatu. Breki akalileta kabati kwa lori, tukalishusha, akarudi msibani. Nikabaki peke yangu na ile hamu yangu ya kufunga vitu. Nikasema, ngoja nimfanyie mke wangu jambo la kumfariji. Nikachimba ukuta wa sebule. Kina cha shimo kikapungua, kwa unene wa vidole viwili hivi.

Mafundi wa zamani hawakubania mbao. Ubao wa nyuma wa kabati lile ulikuwa na unene wa vidole viwili kamili. Nikaubandua, nikajua ukuta utafanya kazi ya ubao. Seremala yeyote wa kujengea amewahi kufanya hivyo, na mteja hajui.

Ubao ulikuwa na maandishi ya penseli upande wa nje, ule uliotazama ukuta. Tarakimu, tarakimu, zimepangwa kwenda chini, nyingine kubwa, nyingine zimelala. Sikushtuka. Sisi maseremala huandika vipimo nyuma ya ubao, mahali ambapo mwenye mali hatavifikia. Nikamcheka moyoni yule fundi wa zamani kwa mwandiko wake mbaya. Kisha nikaupasua ubao vipande vipande, nikawashia jiko la kuchemshia gundi. Gundi hiyo ndiyo iliyolishika kabati ukutani. Ndani nikapaka plasta rangi ya mvule, na michirizi ya mbao nikaichora kwa unyoya wa kuku. Ilikuwa kazi safi, nasema kweli, na nilijipongeza.

Mke wangu aliporudi aliliegemezea shavu kabati lile, akalia, akanishukuru. Kisha akaniambia.

"Unajua nyuma yake kuna mwandiko wa mama? Alijifunza kuandika ukubwani, masomo ya jioni. Kitu cha kwanza alichoandika nyumbani ni tarehe tulizozaliwa sisi watoto wake. Mwisho akaongeza ya binti yetu. Aliandika kwa nyuma ili tusizifute kwa michezo yetu. Mimi sina kitu kingine kilichotoka mkononi mwake."

Nikainama kuokota misumari iliyobaki sakafuni.

"Sasa ziko ukutani," akasema. "Salama."

Nikamjibu, "Salama kabisa."

Miaka tisa hiyo. Kila akifuta vumbi kwenye milango ile, mimi natafuta kazi nje ya nyumba.

Haya, turudi kwenye ndoo na mapazia. Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye godoro katika vile vyumba viwili vya nyuma ya banda, anakunja sare zake za kazini.

"Amekataa," nikasema. "Nimemwomba, nimembembeleza. Mama yule moyo wake jiwe."

"Lakini kabati liko kwenye orodha."

"Liko. Anasema orodha si kitu."

"Si kitu?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaendelea kukunja. Hakuuliza tena. Mke wangu akinyamaza namna hiyo, mimi huanza kutafuta kitu cha kurekebisha. Nikaenda kukaza bawaba za mlango ambazo hazikuwa na kasoro yoyote, nikazikaza mpaka mlango ukawa haufungiki.

Kesho yake alichelewa kurudi kutoka kazini. Alipoingia nilijua ametoka wapi, kwa sababu alikuwa na plasta nyeupe kwenye ncha za vidole. Alikuwa ameshika ukingo wa kabati.

"Amekubali," akasema.

"Nani amekubali nini?"

"Mama Mwalimu. Amesema tulichukue. Keshokutwa saa nne asubuhi. Ukuta ataziba mwenyewe."

Nilikaa. Kwa kuwa hatuna kiti, nilikaa juu ya mkebe wa rangi.

"Nilimweleza habari ya mwandiko wa mama," akaendelea. "Akasema kabla ya kuwa mwalimu mkuu alifundisha watu wazima jioni, anajua mtu mzima anavyoikaba penseli siku ya kwanza. Akasema karatasi iko upande wake, lakini hawezi kuishi na kitu hicho ukutani akijua ni cha mtu."

"Mungu ambariki," nikasema. Sikuwa namtakia baraka.

"Na akanionyesha hiyo karatasi."

Hapo nikapata shughuli na kifuniko cha mkebe.

"Mistari mitano," akasema. "Mitupu." Akanisubiri. Kisha akanisaidia mwenyewe, kwa sauti ileile anayowasaidia nayo wazazi wenye hofu. "Ulisahau?"

Alinipa uongo uliokwisha kurandwa, mimi ni kuupokea tu.

"Nilisahau. Halafu nikaona aibu kukwambia."

"Miaka yote hii unaona aibu kwangu kwa kusahau?"

"Nisamehe."

"Haya," akasema, akaenda kunawa mikono.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nilikuwa nimeitembea miaka tisa, nikaamini haina mwisho. Sasa ilibaki siku moja.

Siku hiyo sikutulia mahali. Asubuhi nilikwenda kwa Breki, pale wanapooshea malori, nikamkuta amevua shati anasugua matairi.

"Shemeji, kuhusu kesho," nikaanza. "Nimefikiri. Kabati lile limezeeka. Tukilitikisa litavunjika, dada yako ataumia zaidi. Mwambie lori limeharibika."

Akaacha kusugua. "Lori zima hili?"

"Mwambie tu."

"Nimekuwa nikiisubiri siku hii kwa miaka, wewe unaniambia lori." Akakausha mikono. "Sikia. Kazini wananiambia nimefikia umri wa kustaafu. Walinijazia tarehe ya kubahatisha nilipoajiriwa, kwa sababu sikuwa na karatasi. Mimi najua bado sijafika. Tarehe yangu iko nyuma ya kabati la mama, nimeiona mwenyewe nikiwa mdogo, ya pili kutoka juu. Kesho naipiga picha nawapelekea."

"Mwandiko wa penseli watauamini?"

"Wasipouamini, nitakuwa nimeuona." Akanipiga begani kwa mkono wenye maji. "Una nini? Unatoka jasho asubuhi yote hii."

Nikasema ni malaria.

Kutoka pale nikaenda bandani. Nawaambia na hili, kwani nimekwisha vua nguo, kilichobaki ni kuoga. Nilichukua mbao kuukuu, nikaikata kwa kipimo cha mgongo wa kabati, nikaipaka masizi na mafuta ionekane ya zamani. Nikachonga penseli. Nikaishika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uwe mbaya.

Nikaandika tarehe ya mke wangu. Nikaandika ya binti yetu, ambaye yuko shule ya bweni na anaamini baba yake anaweza kutengeneza chochote. Kisha nikakwama. Mama mkwe alizaa watoto saba, watatu walifariki wadogo, na mimi sikujua tarehe ya hata mmoja wao. Ya Breki ningeipata wapi? Ningempunguzia miaka mingapi?

Nilikaa na penseli ile mpaka mkono ukafa ganzi. Nikajiona: mtu mzima, mkono wa kushoto, ninamwigiza marehemu. Nikaiegemeza mbao ukutani, nikaipiga shoka. Nikatoka nje.

Saa nne asubuhi siku iliyofuata tulikuwa wote sebuleni. Mwalimu alikuwa ametoa vitabu vyake kabatini, amevipanga juu ya benchi. Breki amekuja na mtaimbo na mablanketi ya kulifunikia kabati njiani. Mke wangu amebadilishana zamu, amevaa gauni alilovaa siku tulipompa binti yetu jina.

Mimi ndiye fundi. Kazi ilikuwa yangu.

"Ukuta huu unaweza kuporomoka," nikasema.

"Ni wangu," Mwalimu akajibu. "Uache uporomoke."

"Na hii mbao imekauka sana."

"Toa parafujo, bwana," Breki akasema. "Tangu lini wewe unaogopa mbao?"

Kulikuwa na parafujo kumi na mbili. Niliitoa ya kwanza, nikaifuta kwa shati, nikaiweka juu ya benchi. Nikaitoa ya pili, nikaifuta. Nilizitoa taratibu hivyo mpaka Breki akaanza kukohoa kusudi. Ya tisa ilikuwa na kutu, nikaishukuru kutu. Ya kumi ikatoka yenyewe, haina huruma.

Kwenye ya kumi na moja bisibisi ikaanza kuteleza. Mke wangu akasogea, akaniwekea kiganja mgongoni.

"Umechoka," akasema. "Umelala sakafuni wiki nzima. Mpe kaka amalizie."

Ningeweza kuvumilia akinifokea. Kile kiganja sikukiweza.

"Hakuna ubao," nikasema.

"Ubao gani?"

"Wa nyuma. Haupo. Nyuma ya kabati ni ukuta."

Mke wangu akafungua mlango wa kabati, akaingiza mkono mpaka mwisho, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mlio ulikuwa wa ukuta. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi ya mvule ikabanduka, vumbi jeupe likamwangukia kwenye gauni.

"Uko wapi?" akauliza.

"Niliuchoma."

"Uliuchoma."

"Kabati lilizidi kina cha ukuta. Nikautoa. Nikauwashia jiko la gundi."

"Uliyaona maandishi?"

"Niliyaona. Nilidhani ni vipimo vya fundi."

Breki alikuwa ameshika simu yake, tayari ameifungua upande wa kamera. Akaizima, akaiweka mfukoni, akakaa kwenye benchi kando ya vitabu na mtaimbo katikati ya magoti.

"Mama alikuwa anaikandamiza penseli mpaka inavunjika," akasema. Alikuwa anamwambia Mwalimu, si mimi. "Anavunja, anachonga, anavunja tena. Ya kwangu ilimchukua jioni nzima."

"Shemeji, kuhusu kazini kwako, nitakwenda mimi mwenyewe nieleze," nikasema.

"Usiniongeleshe."

Mke wangu alikuwa bado ameushika mlango wa kabati. Hakulia. Nimemwona akiwa katikati ya mambo mabaya sana kazini kwake, na ndivyo anavyokuwa: sauti inashuka, mikono inatulia.

"Lini?"

"Ulipokuwa msibani."

"Kwa hiyo nilipokuja, nikakwambia nyuma kuna mwandiko wa mama, ulikuwa umeshauchoma."

"Ndiyo."

"Ukanijibu salama kabisa."

"Nilijibu."

"Na juzi kwa wakili, ulisahau kweli?"

Nikatikisa kichwa. Nikataka kueleza, nikaona maelezo yote niliyonayo yanahusu mimi.

"Ubao ningekusamehe," akasema. "Hukujua. Ungenipokea mlangoni ukaniambia, tungelia wote wawili ikaisha. Lakini mimi nimekaa miaka tisa nikiongea na plasta. Nilikuwa nikitoka kumpoteza mgonjwa nakuja hapa, nagusa humu ndani, namwambia mama habari za siku. Na wewe ulikuwa unapita na msumeno wako, unanitazama."

Ni kweli. Nilikuwa nampita, namtazama. Siku nyingine nilimletea chai.

Mwalimu akavua miwani ya machoni, akaisahau mkononi. "Mwanangu," akamwambia mke wangu, "kabati nimeshakupa. Hata bila mgongo ni lako."

"Hapana, Mama. Likitoka hapa litasambaratika, muulize fundi wake." Akaufunga mlango wa kabati polepole mpaka ukabana. "Karatasi inasema kilichofungwa ni cha nyumba. Liache kwenye nyumba." Kisha, bila kunigeukia: "Rudisha parafujo."

"Mke wangu."

"Zirudishe zote."

Nikaziokota kwenye benchi. Mtu akiambiwa afanye kazi anayoijua, hufanya. Nilikuwa nashukuru kuwa na kitu cha kushika. Nikarudisha ya kumi, nikarudisha ya tisa na kutu yake, na nyuma yangu nikasikia mke wangu anaongea.

"Mama, kile chumba cha nyuma unakitumia?"

"Nimeweka masanduku tu."

"Naomba unipangishe."

Bisibisi ikasimama.

"Wewe na mumeo?" Mwalimu akauliza.

"Mimi. Na binti yangu shule zikifungwa. Milango hii mama aliifungua kila siku ya maisha yake. Siwezi kuing'oa, wala siwezi kuiacha."

Nilimsikia Mwalimu akivuta pumzi. Nilimwomba moyoni akatae. Aliponikatalia kabati nilifurahi, sasa nilimwomba akatae kwa nguvu zangu zote, mama yule mwenye vifungu vyake na kanuni zake.

"Masanduku yanahamishika," Mwalimu akasema.

Breki akainuka. "Nakuletea nguo zako sasa hivi," akamwambia dada yake, akapita karibu nami bila kunigusa. Lori likawaka nje.

Nilikuwa nimebakiwa na parafujo ya mwisho. Nikaizungusha kwa nusunusu, nusunusu, kwa sababu nikimaliza sitakuwa na sababu ya kusimama katika nyumba ile. Ikafika mwisho. Nikaendelea kuikaza, ingawa ilikuwa imekaza.

"Fundi," mke wangu akaniita.

Miaka kumi na miwili hajawahi kuniita hivyo. Hivyo huniita watu walionikodi.

Nikageuka. Alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu nitaje moto.

"Kitasa cha chumba cha nyuma," akasema. "Kinafungwa kwa ndani?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimesema maneno makubwa kuliko hayo, kwa uso mkavu kuliko huo. Lakini kile kitasa nilikifunga mimi mwenyewe, na ni kizuri.

"Kinafungwa," nikamwambia. "Zungusha ufunguo mara mbili."